Mlango wa Mwanarusi na Datsun ya Matano

Mwanarusi wa Bongwe alikuwa na kero nyingi, lakini iliyompanda kichwani kupita zote ilikuwa na magurudumu manne na rangi ya chungwa. Ilikuwa Datsun ya mumewe, Matano. Matano aliinunua kwa Muhindi mmoja wa Mombasa aliyekuwa akiiendesha kwenye mbio za magari, na Muhindi yule, Mungu amsamehe, aliitengeneza kwa jambo moja tu, nalo ni kukimbia. Ilikuwa na kabureta mbili pale ambapo magari ya watu wenye akili zao huwa na moja. Ekzosi yake ilikuwa nene kama paja la mtu mzima na haikuwa na sailensa ndani, na viti vya mbele vilimshika mtu mbavu asiweze hata kugeuka kumwangalia mwenzake. Ukiiwasha alfajiri, kuku wa nyumba ya tatu waliruka. Ukiikanyaga mafuta, iliondoka kama mtu aliyetukanwa.

Miaka yote ya ndoa yake Mwanarusi aliilalamikia. Shuka zake zilinuka petroli. Kwenye uchaga wa vyombo, katikati ya vikombe, ungekuta plagi na spana. Siku moja alirudi kutoka msibani akafunua sufuria yake ya wali, ile kubwa ya wageni, akaikuta kabureta inachemshwa ndani yake kwa sabuni ya unga, na Matano ameketi kando anaisubiri iive. Aliichukua sufuria kwa vitambaa viwili, akaenda akaimwaga nyuma ya choo pamoja na kila kilichokuwemo, na Matano alishinda mpaka magharibi akipapasa mchangani akitafuta vidude vyake.

Sasa, huyu Mwanarusi hakuwa mtu wa hivi hivi. Kutoka Ukunda mpaka Msambweni, mwenye binti wa kuoza alijua kwamba somo wa kuitwa ni yeye. Angeweza kumfunza bibi harusi, kumsinga mwili kwa manukato, kumvisha, lakini hayo wako wengine wanaoyajua. Sifa yake ilikuwa mlango.

Kwa desturi ya watu wale, bwana harusi akitoka msikitini kuozeshwa huja kwa kina bibi harusi kumpa mkono mkewe, naye haachwi aingie kama anayeingia dukani. Wanawake wa nyumba humfungia mlango, somo akashika komeo, na watu wa bwana harusi wakabaki nje wanabembeleza. Huulizwa wamekuja na nini. Hupitisha leso na marashi dirishani, huimbiwa, hutaniwa, wakaombwa zaidi, mpaka somo aridhike ndipo afungue. Raha yote ya harusi iko hapo, na heshima yake pia. Kuna nyumba moja upande wa Gazi iliyoingiliwa mlango ukiwa wazi zamani hizo, na mpaka leo binti za nyumba ile wakitajwa, hutajwa mlango kwanza.

Na kazi ile ina ugumu wake. Ukifunga mapema mno, udi unakwisha moshi kwenye chetezo, waimbaji wanachoka, na bwana harusi akifika anakuta wanawake wanapiga miayo. Ukichelewa, ameshaingia. Unatakiwa ufunge pale mguu wake unapotaka kukanyaga kizingiti, na Mwanarusi hakuwahi kukosea hata mara moja. Angekuwa jikoni anabishana na mpishi wa pilau, mara anyamaze, ainue kidole, aseme, "Wameacha lami," na kutia udi kwenye makaa. Baada ya muda angesema, "Wako shimoni," na wanawake wote wakaacha walichokuwa wakifanya, wakakimbilia ukumbini. Kisha angesema, "Sasa," na komeo likagonga. Hapo hapo, nje, kiatu cha bwana harusi kingekuwa kwenye kizingiti. Watu walisema ana jini anayemnong'oneza. Mwenyewe alisema ni kipaji tu, ni mambo ya moyo, akaachia hapo, kama wanavyofanya wenye vipaji.

Misafara yote hiyo ilitanguliwa na Matano katika Datsun, bwana harusi ameketi kando yake kwenye kiti kile cha kubana mbavu. Nimelitaja hili kwa kupita tu. Hata Mwanarusi alilipita tu.

Basi mwaka wa tisini na tisa Yusra, binti yao wa mwisho, alichumbiwa na Feisal. Kijana hakuwa na ila. Alikuwa amesomea umeme Mombasa, akaajiriwa katika hoteli moja ya Diani. Hoteli ile ilikuwa imekaa karibu tupu miaka miwili, na sasa, ili kuwarudisha wageni, ilikuwa imepanda majani ya kuchezea gofu na kuleta vigari vya betri vya kuwazungushia. Feisal ndiye aliyevitunza vigari hivyo, akivipenda kama Matano alivyoipenda Datsun. Hapo ndipo kero ya pili ya Mwanarusi ilipoanzia, kwa sababu watu wawili wa namna hiyo huwezi kuwaweka kwenye mkeka mmoja ukategemea kunywa kahawa yako kwa amani.

Kila Feisal alipokuja kusalimia, mazungumzo yalianza vizuri, shikamoo na marahaba, habari za Msambweni, habari za shangazi. Kabla kahawa haijapoa walikuwa wameshaingia kwenye injini. Matano angeeleza jinsi Datsun ilivyoipita Pijo ya mtu fulani kwenye kilima cha Kwale ikiwa na watu sita ndani na masufuria ya pilau kwenye buti. Feisal angesikiliza kwa adabu, kisha kwa adabu ile ile angesema kwamba siku za magari hayo zinakwisha.

"Baba, hata Japani kwenyewe walikoiunda Datsun, sasa wanauza gari lenye injini ya petroli na betri pamoja," alimwambia siku moja. "Mgeni mmoja Mjapani amenieleza. Likienda polepole halisikiki kabisa. Baada ya hilo yatakuja ya betri tupu, na yatakuwa na mbio kushinda haya. Haya ya kunguruma yatawekwa mahali watu wakayaangalie."

Matano alikiweka kikombe chini.

"Gari usilolisikia, mwanangu," alisema, "utajuaje kama limefika?"

"Utaliona," Mwanarusi alidakia kutoka jikoni. "Na usipoliona, angalau utakuwa umelala."

Matano alinuna kwa siku kadhaa. Aliona ametukaniwa kitu nyumbani kwake, na mkewe akashangilia. Kununa kwake kulikuwa kwa kimya, na kimya cha Matano kilimuudhi Mwanarusi karibu sawa na kelele za gari lake. Mume mwenye maneno utabishana naye. Huyu alikwenda uani, akafunua boneti, akainama humo mpaka akapotea.

Harusi ilipokaribia, Mwanarusi alitoa amri. Alikuwa amewasimamia binti za watu tangu yeye mwenyewe alipoolewa, na hii ilikuwa ya mwisho katika nyumba yake, mlango wake mwenyewe, binti yake mwenyewe. Tena upande wa pili alikuwako Bi Mwanatumu, shangazi yake Feisal, somo mwenye jina lake kule Msambweni, ambaye kwa miaka alikuwa akisema waziwazi kwamba hakuna mlango usioingilika. Mwanarusi alitaka kila kitu kiwe safi. Hakutaka moshi kwenye nguo za bibi harusi, kama ulivyotokea kwenye harusi ya mpwa wake. Hakutaka mngurumo juu ya maulidi. Alimwambia Matano kwamba siku ya Yusra gari lile halitakuwa uani kwake, wala njiani, wala mahali popote ambapo ataliona au kulisikia. La sivyo, harusi itahamia kwa kaka yake, na Matano atakuja kama mgeni.

Bwana harusi naye alikuwa ameahidiwa na meneja wa hoteli vigari vya betri vimlete, vimefungwa maua, bure kabisa. Datsun ilikuwa haina kazi.

Matano alikaa na amri ile juma zima. Kisha akaenda Kombani kwa Muthoka. Muthoka alikuwa Mkamba wa mashamba ya makazi kule juu vilimani, aliyezaliwa huko baada ya wazazi wake kugawiwa ardhi na serikali. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza magari Kombani na shamba la nyanya nyumbani, na tangu mvua zilipoanza kumchezea alikuwa akiililia injini ya Datsun aifunge kwenye pampu avute maji mtoni. Mara zote Matano alimcheka. Safari hii hakucheka. Walipatana Muthoka atoe mbuzi wawili wakubwa wa pilau ya Yusra, naye akaalikwa aje aile.

Jumatano akaja kuichukua. Matano alimwelekeza kila kitu mbele ya Mwanarusi, choki inavutwa vipi, gia ya tatu inabembelezwa vipi, na kwamba pale kwenye shimo la mchanga, katikati ya nyumba na lami, lazima uivute resi sana, uiache ingurume, la sivyo itazima. Muthoka alitikisa kichwa kwa kila neno. Aliahidi kwamba injini ataitoa Jumatatu, harusi ikiisha. Alipoiondoa, Mwanarusi alisimama kibarazani mpaka sauti ikapotea, akasema alhamdulillahi, akaenda kufua mashuka yote ya nyumba.

Kulikuwa kimya kizuri siku mbili zile. Aliwaambia jirani zake kwamba sasa hata akili yake anaisikia.

Ijumaa baada ya alasiri wanaume walikwenda msikitini Ukunda kuozesha. Wanawake wa kwao Feisal walikuwa wameshafika kwa lori, wameketi chini ya turubai wakitengewa sharubati, Bi Mwanatumu katikati yao ameshikilia mfuko wa leso na marashi magotini. Dufu la kutangulia msafara halikuwapo. Kina Feisal tangu wapate sheikh mpya walikuwa wameacha kupiga dufu, wakisema ni uzushi, na Mwanarusi alikuwa ameshagombana nao juu ya jambo hilo akashindwa. Jirani mmoja alimuuliza kama asimtume mtu akae njiani, akiona vigari aje kusema.

"Tangu lini mimi nikawekewa mlinzi?" Mwanarusi alimjibu, na yule jirani akarudi kwenye vitunguu vyake.

Akangoja. Alikuwa jikoni, chetezo kiko tayari, makaa yako tayari, udi kwenye kikopo chake karibu na mkono. Mpishi wa pilau alitaka kuongeza maji, Mwanarusi hakutaka, wakabishana. Alisikiliza njia. Alisikia kunguru. Alisikia mtu akitwanga kitu mbali. Lami ilikuwa kimya, shimo lilikuwa kimya, na yeye akajiambia kwamba wamechelewa msikitini, wanaume na maneno yao. Chumbani Yusra alikuwa hajatia kitu tumboni tangu asubuhi, na somo wake, ambaye ni mama yake, akamruhusu ale hamri moja upesi kabla ya kupakwa rangi ya midomo.

Mwanarusi alitoka jikoni kwenda ukumbini kuangalia kama mikeka imelala sawa. Katikati ya ukumbi amesimama kijana mwenye joho na kilemba, viatu ameviacha mlangoni kwa adabu.

"Shikamoo, mama," Feisal alisema.

"Marahaba, mwanangu," Mwanarusi alijibu.

Alijibu kwa mazoea, na alipokwisha kujibu ndipo alipoona ni nani. Mlango nyuma ya kijana ulikuwa wazi, jua linaingia, na nje vigari vitatu vyeupe vyenye maua vimesimama vimetulia kama mbuzi. Katika cha pili alikuwa Matano, mikono magotini, anamtazama mkewe kwa macho ya mtu aliyetaka kupiga ukelele njia nzima akakumbuka kwamba baba wa bibi harusi hapigi ukelele.

Vigelegele vya kwanza vilitoka upande usiotakiwa. Wanawake wa Msambweni waliinuka chini ya turubai wote kwa pamoja, na Bi Mwanatumu akaingia ukumbini pole pole, akautazama mlango juu mpaka chini, akalichezesha komeo kwa kidole. Alisema kwamba mashallah, mlango wa Mwanarusi wameukuta wazi, na kwamba watu wa Bongwe ni wakarimu kuliko alivyodhani. Feisal alikuwa ameshaingia chumbani, kwa kuwa hakuna aliyemzuia, akamkuta mkewe ana hamri mdomoni.

Mwanarusi alitaka atoke aje upya. Alilitaka jambo hilo kwa nguvu. Feisal, kijana wa watu, alikuwa tayari, amesimama kabisa amechukua viatu vyake. Bi Mwanatumu akakataa katakata. Bwana harusi aliyekwisha kumpa mkono mkewe hatolewi nje, alisema, ni kisirani, na nani hapa anataka kuwatakia wana kisirani? Hakuna aliyetaka. Mfuko wa leso na marashi ukafungwa fundo, ukarudi magotini pake.

Mwanarusi alirudi jikoni akawa haambiliki. Alimfokea mpishi, akawafokea waosha vyombo, akaifokea pilau yenyewe. Aibu ilimchoma kifuani kwa namna ambayo hakuijua tangu utoto, na kilichomuumiza zaidi ya aibu ni kwamba hakuelewa. Moyo wake haukumwambia kitu. Miaka yote hiyo ulimwambia kwa binti za watu, na kwa binti yake ukalala. Alifikiri labda ni uzee umeanza, au kuna mtu amemfanyia jambo. Alimfikiria Bi Mwanatumu kwa ubaya, akaomba msamaha kwa Mungu, kisha akamfikiria tena.

Pilau ilipakuliwa. Wanaume walikuwa wanakula uani, wanawake ndani. Mwanarusi alikuwa amebeba sinia la wageni wa Msambweni, uso umemvimba kwa hasira, pale aliponyamaza na kusimama. Kidole chake kikainuka chenyewe.

"Wameacha lami," alisema.

Sinia likatua popote. Udi ukaingia kwenye makaa, moshi ukapanda. Wanawake wa Bongwe, waliofanya kazi naye tangu ujana wao, hawakuuliza kitu, kwa kuwa miguu yao ilikuwa imeshazoea. "Wako shimoni," Mwanarusi alisema, na wote walikuwa ukumbini, wengine mikono ina pilau. "Sasa," alisema, na komeo likagonga, na vigelegele vikapaa mpaka kunguru wakahama mti. Ulikuwa mlango uliofungwa vizuri kupita milango yote aliyowahi kufunga.

Kisha kila mtu akakumbuka. Feisal alikuwa mle mle ndani, kwenye kiti cha bwana harusi, kipande cha halwa kimemganda mkononi. Hodi ikapigwa.

"Umekuja na nini?" wanawake wawili watatu waliuliza kwa pamoja, kwa mazoea.

"Nimeleta nyanya tu, mama," ilijibu sauti ya nje, sauti ya Muthoka, kwa wasiwasi mwingi. "Si mliniambia nikuje pilau?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yusra alicheka akaharibu wanja. Hata mpishi wa pilau, ambaye alikuwa na sababu zake za kununa, alikuja kuchungulia akaondoka anajifuta machozi. Muthoka alifunguliwa mlango akasimama hapo na kikapu chake cha nyanya, hajui amekosa nini, akiwaamkia shikamoo watu wote hata waliokuwa wadogo kwake, na nyuma yake Datsun ya rangi ya chungwa inapoa inatoa vilio vidogo vya chuma.

Bi Mwanatumu peke yake hakucheka sana. Alikuwa mtu wa kazi ile ile, naye alielewa kabla ya wengine. Alimtazama Mwanarusi, akaitazama Datsun.

"Kumbe ni gari," alisema.

Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma. Sifa ya maisha yote ya Mwanarusi ilikuwa imesimama pale uani ikivuja mafuta.

Angeweza kuyameza hayo, kwa taabu, lau Muthoka angeishika pilau yake akanyamaza. Lakini Muthoka alikuwa fundi, na fundi akikwazwa na jambo hali vizuri. Alipoketishwa kando ya Matano aliuliza, Mwanarusi akiwa pale anawamiminia maji ya kunawa.

"Baba Yusra, hii gari haizimi pale kwa shimo. Jumatano nilisahau kuvuta resi, nikapita pole pole tu, na ikapita. Leo nimevuta kwa sababu ulisema. Lakini haina shida yoyote pale. Ulikuwa unavutia nini?"

Matano aliangalia chakula chake. Mwanarusi alisimama na birika mkononi, maji yakamiminika juu ya mkeka. Alimwita mumewe nyuma ya nyumba, naye akaja, vidole vina mafuta ya pilau.

"Ulikuwa unavutia nini?" alimuuliza.

"Udi wako hukawia kushika," Matano alisema.

Alieleza kidogo kidogo, kama mtu anayetolewa mwiba. Kwenye harusi yao ya kwanza kuisimamia, alipofika na bwana harusi alimsikia Mwanarusi ndani anahangaika na makaa, karibu alie. Basi harusi iliyofuata akaingurumisha Datsun wakati wa kuacha lami, ili ajue. Akaivuta tena shimoni, ili awakusanye wenzake. Akaivuta mlangoni. Aliona inafaa, akaendelea. Sailensa alikuwa nayo tangu siku aliyoinunua, Muhindi alimpa, iko juu darini imefungwa gunia. Hakuifunga kwa sababu ingezima sauti.

"Na hukuniambia," Mwanarusi alisema.

"Ulikuwa unasema ni moyo. Nikaona ni vizuri ukisema hivyo."

Kama kuna jambo linaloweza kumtia mwanamke wazimu ni hilo. Alitaka kumpiga na birika. Miaka yote ile alipayuka, alimwita mtoto, alimwita kiziwi, alimmwagia kabureta nyuma ya choo, na huyu mtu alikaa kimya anamwachia sifa. Alikasirika kwa sababu hakuambiwa, akakasirika zaidi kwa sababu angeambiwa asingeamini, na chini ya hasira zote hizo alikuwa na huzuni kubwa isiyokuwa na pa kwenda. Mwishowe akasema kwa ukali kwamba Datsun haiendi popote. Muthoka atarudishiwa mbuzi wake.

"Mbuzi wameliwa," Matano alisema.

Ni kweli, walikuwa wameliwa. Wengine walikuwa bado wanaguguna mifupa. Isitoshe, Matano alikuwa ametoa neno lake, na nyanya za Muthoka zilikuwa zinakauka shambani, na zile alizoleta kikapuni zilikuwa ndogo kama ndimu. Feisal aliposikia alijitolea kutafuta njia, labda pampu ya hoteli iliyolala, labda aseme na Muthoka. Baba mkwe wake alimshukuru akamkataza. Alisema mwenyewe Feisal alikuwa ameshaeleza siku hizi zinakwenda wapi, na kwamba angalau injini itakuwa inavuta maji mahali fulani, inanguruma, badala ya kuwekwa watu waiangalie.

Jua lilipoanza kulala, Muthoka aliaga. Matano aliomba aiendeshe yeye mpaka lami, amkabidhi usukani huko. Mwanarusi alisimama ndani ya nyumba, hakutoka kibarazani. Aliisikia ikiwaka. Aliisikia ikifika shimoni, na pale shimoni Matano akaivuta resi, ndefu, ndefu kuliko ilivyopata kuwa, na kule mbele kwenye lami akaivuta tena. Halafu Muthoka akaichukua kuelekea Kombani, akiendesha kwa uangalifu, na sauti ikawa ndogo, ikawa kama nyuki, ikawa hakuna.

Wageni walikuwa wamekwisha kutoka ndani. Mwanarusi aliufunga mlango akatia komeo, akaanza kukunja mikeka. Alikuwa anajisemesha peke yake, maneno ambayo si ya kuandika, juu ya wanaume wanaofanya wema kama wanaoiba. Vigari vya betri vilikuwa vinawarudisha wazee wa mwisho lami, na kimoja kati ya hivyo, kilipogeuza, kilimleta Matano. Hakukisikia. Hakusikia kikifika shimoni, wala kikisimama, wala miguu ya mumewe ikipanda ngazi za baraza.

"Hodi," Matano alisema nje ya mlango.

Mkono wa Mwanarusi ulisimama juu ya mkeka. Tangu aolewe katika nyumba ile hakuwahi kumsikia mume wake akipiga hodi kwa mdomo. Alikwenda mlangoni akashika komeo, asilifungue.

"Umekuja na nini?" aliuliza.

Nje alisikika akijipapasa mifuko.

"Sina kitu, mama Yusra," Matano alisema. "Nimekuja mikono mitupu."

"Basi ngoja hapo hapo," Mwanarusi alisema, akaegemeza paji la uso kwenye ubao, na alikuwa bado hajajua atamweka nje kwa muda gani.